Kifaru Hakitembei Peke Yake

Sisi watu wa mlimani tuna desturi ya kurudi nyumbani kila Desemba. Anayeishi Dar es Salaam, anayeishi Mwanza, hata yule ambaye mwaka mzima hakukumbuka kupiga simu, wote hupanda hadi kihambani, chini ya migomba ya wazee wao, kuchinja mbuzi na kujuliana hali. Kwetu Old Moshi, nyumba aliyoijenga marehemu baba hujaa watu mpaka vijana wengine hulala kwenye stoo iliyokuwa ya kahawa. Kelele huwa nyingi, nami kwa umri wangu wa sasa nazipenda kelele hizo.

Desemba moja ya karibuni, mjukuu wangu wa miaka 15, mwanafunzi wa sekondari huko Dar es Salaam, alikuwa amejikunyata kwenye kiti barazani, macho hayabanduki kwenye simu. Nilimwacha kwanza. Baadaye nikamwuliza ana nini humo ambacho hata harufu ya nyama haiwezi kumwondoa.

"Napigana vita, babu," akasema bila kuinua kichwa. "Vita vya vifaru."

Akanisogezea simu nione. Mchezo wenyewe unaitwa World of Tanks. Ulitengenezwa na kampuni iliyoanzia Minsk, nchini Belarusi, ukatoka mwaka 2010, na mwaka 2014 ukaja wa kuchezwa kwenye simu. Watu wasiojuana, mmoja yuko Temeke na mwingine yuko Ulaya, hukutana humo kwa njia ya intaneti, kila mmoja na kifaru chake, wakapigana dakika chache, kisha wakaanza upya kama kwamba hakuna aliyekufa. Vifaru vingi vya humo si vya kubuni. Vilipata kuwako kweli, vikaua watu kweli. Cha mjukuu wangu siku ile kilikuwa Tiger, kifaru kizito cha Wajerumani cha Vita Kuu ya Pili.

Kijana akanipa somo, nami nikasikiliza kama mwanafunzi, maana mzee asiyekubali kufundishwa na mjukuu wake hukosa mengi. Akasema kifaru kizito kina raha yake na shida yake. Raha yake ni uso. Uso ni mnene, na ukimwonyesha adui uso, risasi nyingi zinadunda. Mzinga wake unapiga mbali na unaumiza. Shida yake ni kwamba ubavu ni mwembamba kuliko uso, na kule nyuma penye injini napo ni pembamba. Tena kinageuka polepole. Vifaru vyepesi viwili vikikizunguka, kimoja huku na kimoja kule, kile kizito kinabaki kuzungusha kichwa kama mzee anayeitwa na watu wawili kwa pamoja. Kikikatwa mnyororo mmoja, kinakaa pale pale kikingoja kufa. Akanionyesha pia namna ya kukisimamisha mshazari kidogo, ili risasi ikute chuma kimelala upande na kuteleza. Hilo halikuwa la mchezo tu. Kitabu cha mafunzo walichopewa askari wa Tiger mwaka 1943 kiliwafundisha jambo hilo hilo, kwa mfano wa uso wa saa.

"Ila ukishakijua, babu," akamaliza, "ukawa umemtazama adui usoni, hakuna wa kukuweza."

Kaka yangu mkubwa alikuwa ameketi kwenye kona yake ya siku zote, fimbo katikati ya magoti. Yeye si mtu wa maneno mengi. Nilidhani amesinzia. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Nani anatembea kando yake?" akauliza.

"Nani, babu mkubwa?"

"Watu. Askari wa miguu. Nani anatembea kando ya hicho kifaru chako?"

Kijana akacheka kwa heshima. "Hakuna watu, babu mkubwa. Ni vifaru vitupu."

"Basi hicho kimeshakufa," kaka akasema, akanyamaza.

Hapana budi nieleze kwa nini neno lile lilinishtua. Mwaka 1978 kaka alikuwa kijana wa miaka 21, na alikuwa mgambo. Alikwenda vita vya Kagera, akafika Uganda, akarudi. Katika miaka zaidi ya 40 sikupata kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo juu ya vita ile. Watu wakimwita shujaa, alikuwa akiomba maji ya kunywa au akitoka nje kuangalia ng'ombe.

Lakini kabla sijafika kwa kaka, ndugu msomaji, nikusimulie habari za chombo chenyewe, maana swali lake lina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo ilipita hapa hapa chini ya mlima wetu.

Kiswahili kilikipa chombo hicho jina la mnyama. Tukimsema mnyama tunasema kifaru yule amelala. Tukikisema chombo tunasema kifaru kile kimelala. Tofauti ni ya sarufi tu, kwa sababu tabia zao zinafanana mno. Mnyama ana ngozi nene na mwili mzito, naye akishaanza kukimbia miti midogo humpisha. Lakini macho yake ni dhaifu. Hutegemea pua na masikio. Pembe inayomlinda ndiyo hiyo hiyo inayomfanya auawe. Katika mkoa wetu huu wa Kilimanjaro, kule Mkomazi, vifaru weusi walianza kuletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997 ili kizazi chao kisitoweke, nao wanaishi ndani ya uzio, wakilindwa usiku na mchana. Mnyama mwenye ngozi kama ile anaishi kwa hisani ya walinzi wanaotembea kwa miguu miwili.

Na chombo nacho ni vivyo hivyo. Aliye ndani ya kifaru, akishafunga mifuniko, huiona dunia kupitia vitundu vidogo. Haoni kilicho karibu na minyororo yake. Haoni mtu aliyejilaza kwenye mtaro. Hasikii kitu, kwa kelele za injini yake mwenyewe. Nguvu yake yote iko mbele yake na mbali. Karibu yake ni kipofu. Ndiyo maana tangu mwanzo vifaru vilihitaji kusindikizwa na watu.

Vifaru vya kwanza duniani viliingia vitani tarehe 15 Septemba 1916, huko Ufaransa, katika mapigano ya Somme. Kimoja kilikuwa na uzito wa tani 28, kikibeba askari 8, na mwendo wake ulikuwa kama kilomita 6 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayewahi sokoni. Waingereza walikuwa navyo 49 siku ile. Karibu theluthi yake havikufika hata mahali pa kuanzia, kwa kukwama au kuharibika. Wajerumani waliovikuta walitishika sana. Lakini kitisho kilidumu kwa siku chache, na matope yakadumu majira yote ya baridi.

Miezi 6 kabla ya siku ile, Moshi nayo ilikuwa imeona chuma kikija. Machi 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini aliliongoza jeshi la Waingereza kutoka upande wa Taveta. Baada ya mapigano ya tarehe 11 na 12 kwenye vilima vya Latema na Reata, jeshi hilo likaingia Moshi, mji uliokuwa mwisho wa reli ya Wajerumani kutoka Tanga. Vifaru vyenyewe havikufika katika vita vya Afrika Mashariki, lakini Waingereza walikuwa na magari ya deraya, mengine yamejengwa juu ya chasisi za Rolls-Royce, yenye bunduki za rashasha. Kwenye ardhi kavu yalikuwa ya kuogopwa. Kisha masika yakaanza. Anayeijua tambarare ya Kahe wakati wa masika hahitaji kuelezwa zaidi. Udongo mweusi ukilowa hushika gurudumu kama ugali unavyoshika mwiko. Jeshi likasimama likingoja mvua ziishe.

Waliosogeza vita ile mbele walikuwa wapagazi. Walibeba chakula, risasi, dawa, hata mizinga iliyofunguliwa vipande vipande, na maelfu kwa maelfu yao walikufa, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Jina la kikosi chao, Carrier Corps, tunalitaja kila siku bila kufikiri tunaposema tunakwenda Kariakoo.

Ulaya nayo haikusahau ndoto ya kifaru kisichoshindika. Tiger ya mjukuu wangu ilitokana na ndoto hiyo. Ilianza kutumika mwaka 1942, ikiwa na uzito wa tani 57, bamba la mbele la milimita 100 na mzinga wa milimita 88. Mbele ya mzinga ule vifaru vingine viliwaka moto kabla havijasogea vya kutosha kuudhuru. Yote aliyoyasema kijana ni kweli. Lakini yako mambo ambayo simu haikumwonyesha. Madaraja mengi hayakuweza kubeba tani 57. Ili ipakiwe kwenye treni ilibidi ivuliwe minyororo yake mipana na kuvishwa myembamba, kisha ikifika ivuliwe tena. Ilikunywa petroli kama ng'ombe anavyokunywa maji wakati wa kiangazi. Gia zake zilichoka kwa kuburuta uzito ule, na mafundi wake walikuwa na kazi usiku kucha. Wajerumani walitengeneza Tiger za aina hiyo zipatazo 1,350 tu, na nyingi walizilipua wenyewe kwa sababu ziliharibika au ziliishiwa mafuta wasiweze kuzivuta. Wakati huo huo Wamarekani walitengeneza karibu Sherman 50,000, kifaru chepesi zaidi, rahisi kutengeneza, kinachopita darajani.

Nataja Sherman kwa makusudi. Baadhi ya vifaru vya aina hiyo, baada ya vita vya wakubwa kwisha, vilifika Uganda kwa njia ya Israeli, kabla Idi Amin hajawafukuza Waisraeli mwaka 1972. Silaha ikishatengenezwa haikosi pa kwenda. Ikizeeka huku, huuzwa kwa wenye umaskini na ugomvi.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka na kuingia mkoa wa Kagera. Siku mbili baadaye Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto Kagera ni mali ya Uganda. Watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, mitambo ya sukari ikang'olewa. Mapema Novemba askari wake wakalilipua daraja la Kyaka. Mwalimu Nyerere akahutubia taifa akasema uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Nilikuwa na miaka 14. Tulisikiliza redio ya jirani, watu wamejaa mpaka uani, na hakuna aliyekohoa.

Kwa upande wa vifaru, pande zote mbili zilikuwa kama watoto wa ukoo mmoja. Amin alikuwa na Sherman, na alikuwa na T-54 na T-55 za Kisovieti. Sisi tulikuwa na vifaru vya Kichina vya aina ya 59, vilivyotengenezwa kwa kuiga T-54: tani 36, mzinga wa milimita 100, injini ya nguvu za farasi 520, askari 4 ndani. Tulikuwa pia na ndugu yake mdogo, aina ya 62, tani 21 na mzinga wa milimita 85, aliyetengenezwa kwa ajili ya nchi zenye milima na matope. Vitabu huziita tani 36 kifaru cha kati. Hiyo ni hesabu ya watu waliokaa mezani. Kwa mtu aliyejilaza kwenye nyasi ana bunduki na magazini mbili, tani 36 ni kizito kuliko vizito vyote.

Daraja la Kyaka lilipovunjwa, vifaru vya pande zote mbili vikawa sawa na ng'ombe aliyefika kwenye feri akakuta haipo. Novemba ile wahandisi wa jeshi letu waliweka madaraja ya muda, na hapo ndipo chuma kikaweza kuvuka. Nchi nzima ilikuwa barabarani. Mabasi na malori ya watu binafsi yalichukuliwa kubeba askari na mgambo. Kaka aliondoka Moshi mjini kwa basi la namna hiyo. Mama alimpa ndizi za kuchoma zilizofungwa kwenye jani, akamwambia asizile zote siku moja. Jeshi ambalo kabla ya vita halikufika watu 40,000 lilikua likapita 100,000, na wengi walioongezeka walikuwa kama kaka: mkulima au fundi, aliyefundishwa kulenga shabaha kwa wiki kadhaa.

Mutukula ikachukuliwa Januari 1979. Masaka tarehe 24 Februari. Kisha njia ya kwenda Kampala ikawa mbele, na mbele ya njia ile kulikuwa na kinamasi kikubwa. Barabara inapita juu ya tuta, maji na mafunjo huku na huku, mpaka Lukaya. Kifaru kinachopita pale hakina pa kukwepea. Muammar Gaddafi wa Libya alikuwa ameshampelekea Amin askari, T-55 na roketi, na tarehe 10 Machi 1979 watu hao walikuja Lukaya pamoja na Waganda kuirudisha Masaka. Waliosimama mbele yao walikuwa Brigedi yetu ya 201, iliyojaa mgambo.

Kaka alikuwa katika brigedi hiyo. Haya ndiyo aliyomsimulia mjukuu wangu usiku ule, barazani, wakati mbuzi ameshaliwa na wengine wamekwenda kulala.

"Kifaru huanza kukisikia tumboni," alisema. "Bado hujakiona, ardhi inakuambia. Jioni ile roketi zilikuja kwanza. Nyingi zilituvuka juu ya vichwa, zikaangukia nyuma huko. Lakini mlio wake, mwanangu, hakuna aliyetufundisha mlio ule. Kisha tukaona vifaru barabarani. Hapo nikakimbia."

Kijana hakusema neno. Nami sikusema neno.

"Nilikimbia," kaka akarudia, safari hii akiwa ananitazama mimi. "Tulikimbia wengi. Nimekwenda mbali nikirudi njia ya Masaka. Kiatu kimoja nilikiacha. Sijamwambia mtu, kwa sababu tuliporudi mlikuwa mmesimama barabarani mnaimba."

Vitabu vya vita ile vinasema vivyo hivyo, kwa maneno makavu kidogo: Brigedi ya 201 ilivunjika jioni ile kwa hofu ya roketi, ikarudi nyuma ovyo. Vinasema pia kwamba upande wa Amin haukuitumia nafasi hiyo kama ulivyoweza. Barabara ilikuwa wazi mbele yao. Lakini jeshi la Amin lilikuwa limezoea kupigana likiwa juu ya magari, barabarani, na liliogopa kuacha lami kuingia porini usiku. Walikaa pale walipofika.

Usiku ule ule Brigedi ya 208, ambayo ilikuwa imetumwa kuzunguka kinamasi kwa upande wa magharibi, iliamriwa kugeuka na kuja ubavuni mwa adui. Ilitembea kwa miguu gizani. Kulipopambazuka tarehe 11 Machi iliwapiga Walibya na Waganda kutoka ubavuni, wakati Brigedi ya 201, iliyokusanywa upya na makamanda wake, ikirudi kuwakabili usoni. Inakadiriwa askari 400 wa upande wa Amin walikufa Lukaya, nusu yao Walibya. Vifaru vilivyotishia jioni vilibaki barabarani asubuhi, vingine vizima kabisa, vimeachwa na wenyewe.

"Na wewe babu mkubwa ulirudi?" kijana akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilirudi. Mkubwa wetu alitukuta njiani. Hakututukana. Alisema, hesabuni mko wangapi. Tukahesabu. Tukarudi, mguu mmoja una kiatu na mmoja hauna." Akanyamaza kidogo. "Asubuhi nilikipita kile kifaru nilichokikimbia. Mlango wake uko wazi. Nikachungulia. Mna sufuria ndani, na chai imemwagika. Nikaona aibu. Nikaona pia kwamba aliyekuwa ndani naye aliogopa, tena aliogopa zaidi yangu, kwa sababu watu wake walimkimbia naye hana macho."

Ndugu msomaji, nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu usiku ule. Mjukuu wangu alisema kweli: ubavu ni dhaifu. Lakini katika simu, ubavu hufikiwa na kifaru kingine chenye mwendo wa haraka. Lukaya ubavu ulifikiwa na watu waliotembea usiku kucha wakiwa na silaha mabegani, na uso ulishikiliwa na watu walioogopa, wakakimbia, kisha wakarudi. Tangu wakati huo nawaheshimu wale waliorudi kuliko nilivyowaheshimu nilipodhani hawakukimbia.

Vita ile ina sehemu nyingine iliyofanyika hapa hapa Moshi, nayo inaonyesha udhaifu wa kifaru ambao hauko kwenye ubavu wala mgongo. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, wiki mbili tu baada ya Lukaya, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana katika mji wetu. Sisi wanafunzi tuliwaona wageni wenye suti na mikoba, nasi tukaambiwa tusipige kelele. Vikundi zaidi ya 20 vilikaa pamoja, vikaunda umoja mmoja na kumchagua Yusuf Lule, aliyepata kuwa mkuu wa Makerere, awe mwenyekiti. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Tarehe 13 Lule akaapishwa kuwa rais. Alikaa siku 68, akaondolewa. Aliyemfuata, Godfrey Binaisa, aliondolewa Mei 1980 na wanajeshi wakiongozwa na Paulo Muwanga, aliyekuwako Moshi. Uchaguzi wa Desemba 1980 ulileta ugomvi mpya, na Yoweri Museveni, ambaye naye alikuwako Moshi, akaingia msituni mwaka 1981 mpaka alipoitwaa Kampala Januari 1986. Vifaru viliwafikisha watu hao mlangoni. Kuketi pamoja ndani ya nyumba ilikuwa kazi ambayo hakuna mzinga ungeweza kuwafanyia.

Na sisi tulilipa. Vita ile inakadiriwa kuigharimu Tanzania dola za Marekani milioni 500. Mwalimu alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Nakumbuka mikanda hiyo ilivyokaa miaka mingi zaidi. Nakumbuka foleni ya sabuni na ya sukari, na mama akifua kwa majivu ya maganda ya ndizi. Bei ya kahawa ilikuwa imeshuka na ya mafuta imepanda. Haikuwa vita peke yake. Lakini tani 36 za chuma zinazokwenda Kampala hazitembei kwa nia na sababu tu. Zinatembea kwa dizeli, na dizeli hulipwa kwa kahawa ya mlimani na pamba ya usukumani. Kila kifaru kilichopita Masaka kilikuwa kimembeba mama yangu na majivu yake.

Wako miongoni mwa wale waliotembea ambao hawakurudi. Baadhi yao wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba. Siyo wote waliouawa na risasi. Ajali za barabarani nazo zilikula watu wengi. Kaka aliwahi kwenda huko mara moja. Aliporudi alisema tu kwamba nyasi zimekatwa vizuri.

Usiku ule, alipomaliza kusimulia, mjukuu wangu aliuliza swali moja ambalo nilifurahi kwamba halikuulizwa na mimi. "Babu mkubwa, yule mkubwa aliyewaambia mhesabu, mlikuwa wangapi?"

"Kumi na tisa," kaka akajibu mara moja, kama mtu aliyekuwa akingoja swali hilo kwa miaka yote. Kisha akataja majina, moja moja, mengine ya kwetu, mengine ya Kisukuma, Kihehe, Kimakonde. Kijana aliyafuata kwa vidole. Kwenye jina la kumi na nne kaka alikwama, akatikisa kichwa, akaendelea. Yeye mwenyewe alijihesabu wa mwisho.

Mvua ndogo ilikuwa imenyesha, na njia ya kwenda kwa kaka hushuka kando ya mfereji, pana utelezi hata mchana. Alisimama na fimbo yake kuaga. Nilitaka kumsindikiza, lakini mjukuu wangu alinitangulia. Aliufunga mchezo wake, akawasha taa ya simu, akashuka ngazi, akaanza kutembea kando ya babu yake mkubwa, upande ule wa mfereji. Nilibaki barazani nikiitazama ile taa ikipita katikati ya migomba mpaka ikafika.